Tangi la lita 5,000 na vifaa vyake vya kuvuna mvua: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma huku hela iko tayari: tangi lenyewe ni zuri, ningelinunua tena bila kusita. Vilivyokuja nalo ndivyo vya kukagua, hasa bomba la kutupa maji ya kwanza.

Nilichukua seti nzima: tangi jeusi la plastiki la lita 5,000, mifereji ya paa, mabomba ya kushushia, wavu, koki na kazi ya fundi. Ninakoishi ni nusu kame. Mvua inakuja kwa kishindo, inapiga saa moja au mbili, kisha inapotea kwa majuma. Awali tulitegemea lambo la wazi, na lambo huku linashindana na jua. Wataalamu huita eneo nusu kame pale ambapo mvua ya mwaka ni kati ya asilimia 20 na 50 tu ya maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyakausha. Yaani hewa ina uwezo wa kunywa mara mbili hadi mara tano ya kile tunachonyeshewa. Lambo linapungua hata siku ambayo hakuna aliyechota. Ndani ya tangi lililofunikwa, maji ya jioni unayakuta asubuhi yote. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kulisifia.

Swali ninaloulizwa sana ni kama paa la nyumba ya kawaida linaweza kujaza tangi kubwa hivyo. Linaweza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa langu la mabati linafunika mita za mraba 60 hivi (pima eneo linalofunikwa chini, usipime urefu wa bati linavyoinama). Mvua ya milimita 20 inashusha lita 1,200. Toa yanayoruka nje na yanayokaukia kwenye bati lenye joto, bado takriban lita 1,000 zinaingia. Mvua tano za namna hiyo na tangi limejaa. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, maji hayo yanaisha baada ya siku 50, na kiangazi hakijaisha. Ndiyo maana sisi tumeyatenga kwa kunywa na kupika: kwa lita 5 kila mtu, ni siku 200. Ya kufulia na ya mifugo bado tunachota lamboni.

Sasa kwenye kilichoniudhi. Kiangazi chote paa linakusanya vumbi, majani makavu, vinyesi vya ndege na mijusi. Mvua ya kwanza inaosha yote hayo na kuyapeleka mfereji. Kwa hiyo kabla ya tangi husimamishwa bomba lililozibwa chini. Maji machafu yanajaa humo kwanza, kipira kinaelea na kuziba mdomo, na yanayofuata yanapita juu kwenda tangini. Ni kifaa rahisi na nakipenda sana, lakini lazima kiwe na ukubwa unaolingana na paa. Kipimo kinachotumika sana ni kutupa angalau nusu milimita ya mvua. Kwa paa langu hiyo ni lita 30. Bomba lililokuja kwenye seti lilikuwa la milimita 110, urefu mita 1: linabeba kama lita 9. Zaidi ya lita 20 za uchafu zilikuwa zinaingia moja kwa moja kwenye maji ya kunywa! Tumeunganisha mabomba mengine hadi kupita mita 3, sehemu yake ikishuka kwa mteremko ubavuni mwa ukuta, na rangi ya udongo majini imekwisha. Chini pana tundu dogo linalodondosha polepole ili bomba liwe tupu mvua nyingine ikija. Tundu hilo huziba kwa matope, basi hakikisha kifuniko cha chini kinafunguka kwa mkono.

Mifereji ni mipana ya kutosha. Mwanzoni ilikuwa karibu sawasawa, maji yakituama; fundi aliivuta upya ikashuka sentimita 1 kwa kila mita. Mvua zetu za nguvu zinauruka mfereji, kwa hiyo nashauri kipande cha bati kisimamishwe kwenye ukingo wake wa nje kuyarudisha maji.

Msingi walinitengenezea vizuri mno, na hili nawapongeza kwa dhati. Lita 5,000 ni tani 5. Hizo huwezi kuziweka juu ya matofali yaliyopangwa tu; tangi linataka zege bapa lililolala sawa, lililoinuliwa kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki.

Koki ya plastiki ilipasuka kwa jua na kuanza kudondosha. Tone moja kila sekunde ni angalau lita 4 kwa siku, na bandu bandu huisha gogo. Weka ya shaba tangu siku ya kwanza.

Weusi wa tangi unazuia mwanga, kwa hiyo mwani haupati nafasi. Wavu ulikuwapo mdomoni lakini kwenye bomba la kufurikia hapakuwa na kitu, na mbu hutafuta hapo hapo. Kipande cha wavu laini na waya vimemaliza tatizo. Maji yanayofurika tumeyaelekeza kwenye mashimo ya miti, yasichimbe msingi.

Kuhusu kunywa: maji kuwa meupe hakumaanishi ni salama. Tunayachemsha, au tunatia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Na kama paa lako limepakwa rangi yenye madini ya risasi, usiyanywe kabisa. Kuchemsha hakuondoi risasi.

Ukienda kununua, muulize muuzaji bomba la maji ya kwanza linabeba lita ngapi na limepimwa kwa paa la ukubwa gani. Akikosa jibu, chukua tangi peke yake, mabomba upimiwe na fundi wako kulingana na paa lako.