SQM ya OpenWrt: foleni inaondoka, kasi haiongezeki

Mmoja akianza kupandisha video, wengine wote nyumbani wanalalamika kwamba mtandao umekufa. Mara nyingi kasi ipo. Kinachotokea ni kwamba modemu inarundika pakiti (vipande vidogo vya data) kwenye bafa yake, yaani kumbukumbu ya muda, na hata simu ya sauti inabaki kusubiri nyuma ya video. SQM (Smart Queue Management), programu ya bure ya OpenWrt, mfumo endeshi huria wa ruta, huhamishia foleni hiyo kwenye ruta, ambako CAKE, kanuni ya kupanga foleni, huigawa kwa haki.

Kuisakinisha hakuna taabu: weka kifurushi cha luci-app-sqm, chagua kiolesura cha WAN (upande wa intaneti), kisha cake na piece_of_cake.qos. Ukichagua cha LAN (upande wa nyumbani), kupakua na kupakia vinageuziana nafasi.

Kazi yenyewe iko kwenye namba. Pima kasi mara kadhaa, pasipo mtu mwingine kutumia laini, uandike asilimia 85 ya ulichopata. Laini ya megabiti 20 kupakua na 5 kupakia inaanza na 17000 na 4250, kwa sababu kipimo ni kilobiti. Ukiandika 17, hakuna ukurasa utakaofunguka! Ukiandika kasi kamili nayo, foleni inarudi kwenye modemu na SQM inabaki pambo. Kisha endesha ping, amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, huku ukipakia faili kubwa. Ikiruka kutoka milisekunde 30 hadi 400, punguza namba ya kupakia kidogo kidogo mpaka itulie. Kwenye ADSL (intaneti ya waya wa simu), weka pia ATM, njia yake ya kusafirisha data, na 44, baiti za ziada kwa kila pakiti, kwenye sehemu ya Link Layer Adaptation. Usipofanya hivyo, pakiti ndogo zinahesabiwa pungufu.

Ubaya wake? Inakula prosesa. Ruta dhaifu kwenye laini ya kasi hushindwa kuifikia namba uliyoandika. Fungua top, amri inayoonyesha kinachotumia prosesa, na ksoftirqd (kazi ya mfumo inayoshughulikia pakiti) ikiwa juu kabisa, umefika kikomo cha ruta. Usijaribu kujinusuru kwa kuwasha flow offloading, njia ya mkato ya pakiti ndani ya ruta, maana pakiti zinaweza kuikwepa SQM.

Kwa 4G siipendekezi ikiwa peke yake. Kasi ya mnara hupanda na kushuka, namba moja haiwezi kufaa mchana na usiku. Ongeza hati ya cake-autorate, inayobadilisha namba yenyewe kufuata hali ya laini. Na mtoa huduma akikubana hadi megabiti 1 baada ya kifurushi kuisha, SQM haitakufungulia. Shusha namba hadi 850, angalau ujumbe na simu za sauti zipite.