Uchambuzi wa picha za rada za Sentinel-1 juu ya Ghuba ya Mwanza

Watazamaji, bidhaa ninayoichambua leo haiuzwi dukani: ni picha za rada za Sentinel-1, ambazo Shirika la Anga la Ulaya huzitoa kwa dunia nzima bila malipo. Hapa mnaiona Ghuba ya Mwanza, kutoka Kisiwa cha Saanane hadi Kigongo na Busisi. Mawimbi ya rada hiyo, yenye urefu wa takribani sentimita 5.5, hupenya mawingu ya masika usiku na mchana, na hilo peke yake ni jambo kubwa kwa Kanda ya Ziwa.

Hata hivyo, kilichonivutia zaidi ni hisabati yake. Setilaiti hupita kilomita 693 juu yetu ikiwa na antena ya mita 12.3. Zidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa mshazari, yaani kutoka setilaiti hadi ziwani kwa mkato wa pembeni, tuseme kilomita 850, kisha gawanya kwa urefu wa antena: mwale unapofika ziwani una upana wa karibu kilomita 4, na Saanane yote ingemezwa na nukta moja. Mwaka 1951 mhandisi Mmarekani Carl Wiley alitambua njia ya kuukwepa ukuta huo. Setilaiti ikiwa inasonga, mwangwi wa kitu kilicho mbele hurudi na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yaliyopanda kidogo, wa kilichobaki nyuma yaliyoshuka. Kompyuta huhifadhi mwangwi wote na, kwa mgeuzo wa Fourier, hesabu inayotenganisha masafa mbalimbali, huurudisha kila mmoja mahali ulikotoka. Kinadharia, upambanuzi, yaani umbali mdogo kabisa kati ya vitu viwili vinavyoweza kutofautishwa, huwa nusu ya urefu wa antena, yaani mita 6 hivi, na umbali hutoweka kabisa katika hesabu! Antena ikiwa fupi mwale hupanuka, kitu humulikwa kwa muda mrefu zaidi, na picha huwa kali zaidi.

Mbona basi picha hizi zina upambanuzi wa mita 20 kwa kufuata njia ya setilaiti? Mwale huzungushwa ili kufunika upana wa kilomita 250, hivyo kila mahali hupata muda mfupi. Chembechembe, yaani madoadoa meupe na meusi yanayotapakaa kwenye picha ya rada, nazo zinakera. Ukichukua wastani wa mionekano (picha za eneo lilelile) 9 iliyo huru, hupungua hadi theluthi, kwa kuwa kinachotawala ni kipeuo cha pili cha idadi ya mionekano, lakini ukali wa picha hupungua pia.

Maji matulivu huonekana meusi, magugu maji hung'aa. Upepo ukivuma, mawimbi ya ziwa nayo hung'aa, kwa hiyo chagueni picha za siku tulivu. Kwa kufuatilia magugu ninazipendekeza. Kwa kutafuta mtumbwi wa mbao, hapana.