Magamba ya mbawakawa wa Thailand: chukua yasiyotobolewa

Pakiti za magamba, yaani mbawa ngumu za juu, ya Sternocera aequisignata, yule mbawakawa wa kijani anayemetameta kama madini, huuzwa kwa mafundi wa nakshi kwa namna mbili: yaliyotobolewa na yasiyotobolewa. Yaliyotobolewa yanaokoa muda, ila yatazame kwa lenzi kwanza. Gamba lililopigwa tundu likiwa kavu huwa na nyufa nyembamba kama unywele kuzunguka tundu, na hapo ndipo litakapopasuka nguo ikikunjwa.

Yasiyotobolewa yana kazi kidogo tu. Weka kumi kumi kwenye chujio juu ya maji yanayochemka, dakika tano hivi. Lilaze gamba juu ya kizibo, upande wake wa ndani uelekee juu, ulitoboe kwa sindano nyembamba milimita 2 kutoka ukingoni. Karibu zaidi ya hapo linachanika. Usitoe mengi kwa pamoja, maana yakipoa yanakakamaa tena.

Rangi ndiyo thamani ya bidhaa hii. Haikupakwa: inatokana na tabaka nyembamba mno zinazorudisha mwanga, kwa hiyo haichuji juani kama kitambaa. Gauni la Lady Macbeth, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, alilovaa mwigizaji Ellen Terry jijini London mwaka 1888 lilishonewa magamba kama 1,000 ya mbawakawa wa jamii hii, nayo bado ni ya kijani. Kilichochoka ni kitambaa, na magamba kadhaa yalivunjika.

Dosari ya pakiti ni upangaji. Kila mdudu ana gamba la kulia na la kushoto, lakini humwagwa pamoja bila kulinganishwa. Kwa nakshi ya jozi agiza ziada. Maelezo ya wauzaji kwamba wadudu walikufa wenyewe nayo yapokee kwa tahadhari. Ni kweli wakishakomaa hawaishi sana, ila nchini Thailand wadudu hao huliwa pia, na magamba hubaki jikoni.

Kingo zake hukata uzi. Tumia uzi wa poliesta uliopakwa nta ya nyuki, mishono miwili kila ncha, ilegee kiasi. Ukikaza, gamba lenye mgongo litapasuka katikati. Kwenye kofia ya kufuliwa na kutiwa wanga usiyaweke kabisa. Pasi nayo ipite kabla ya kushona.