TV ya inchi 43 kutoka Mtaa wa Aggrey, baada ya kuitumia mwaka mzima

Zamu yangu ya mchezo wa walimu, ule wa kuchangiana pesa, ilifika Novemba 2024, nikapokea laki nane taslimu. TV ya nyumbani Tabata ilikuwa imezimika tangu Juni na fundi alishanyoosha mikono. Nikajiwekea mpaka: isizidi laki sita, kwa sababu zilizobaki zilikuwa za sare na madaftari ya watoto Januari.

Kwenye duka moja kubwa lenye kiyoyozi, inchi 43 ilibandikwa 799,000 na bei haijadiliwi. Basi Jumamosi nikapanda daladala ya Segerea hadi Kariakoo. Sijavuka barabara, winga, dalali wa kupeleka wateja madukani, ameshanifikia. "Mama, TV? Friji? Nakupeleka kwenye bei ya jumla." Kijana mwenye adabu, nikamfuata hadi Mtaa wa Aggrey, tukapanda ngazi nyembamba mpaka ghorofa ya kwanza. Muuzaji akataja 650,000. Nikaaga.

Jumamosi iliyofuata nilirudi peke yangu saa tatu kasoro, ndiyo kwanza wanapanga maboksi. Duka lilelile, muuzaji yuleyule, TV ileile: 610,000. Ile arobaini ilikuwa cha juu cha winga. Simlaumu, ndiyo riziki yake, na ukitafuta kitu adimu kama rimoti ya TV ya miaka kumi nyuma, winga atakipata kabla yako. Ila kwa bidhaa iliyojaa kila mlango, ingia mwenyewe. Na wahi asubuhi. Muuzaji hapendi mteja wake wa kwanza aondoke mikono mitupu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Sasa nieleze habari ya tepu, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa. Nafundisha hisabati kidato cha pili. Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili, kioo peke yake bila fremu. Inchi 43 ni sentimita 109 na ushee. Katika duka la jirani nilikuta boksi limeandikwa 43 kwa 560,000, nikafurahi, nikatoa tepu yangu ya kushonea: sentimita 101. Hiyo ni inchi 40 kasoro kidogo. Nikaambiwa fremu nayo huhesabiwa. Hapana, haihesabiwi. Na inchi 40 iliyoandikwa 40 ilikuwa ikiuzwa 520,000 hatua chache mbele, kwa hiyo aliyenunua ile ya 560,000 akidhani ameokoa hamsini, amepoteza arobaini.

Huku ghorofani nilipotoa tepu, muuzaji hakununa. Aliishika ncha ya pili mwenyewe. Ikasoma 109. Tangu hapo akawa ananiita mwalimu.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni kwamba alinizuia kununua ghali. Nilikuwa naitazama smati TV ya 4K, yenye picha kali zaidi. Akauliza nakaa umbali gani na natazama nini. Nikamwambia mita tatu hivi, taarifa ya habari, mpira na tamthilia za king'amuzi. Akasema kwa inchi 43 na umbali huo macho yangu hayataona tofauti, na king'amuzi changu hakitoi picha ya 4K. Akauliza kama nina intaneti ya waya nyumbani. Sina, natumia bando la simu. Video yenye picha safi inaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja, hivyo smati TV ingenigharimu kila siku au ingekaa bila kazi. Nikachukua ya kawaida na kubakiza elfu tisini.

Tukafika 590,000. Hapo akaniuliza swali ambalo ukinunua Kariakoo nawe utaulizwa: na risiti au bila risiti? Bila risiti, 530,000. Nilisita, sitaficha. Elfu sitini ni nauli yangu ya wiki kadhaa. Lakini kwa VAT ya asilimia 18, katika 590,000 kuna 90,000 ya kodi na laki tano ya TV, na ile karatasi ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ndiyo inayothibitisha kwamba warranti ya miezi kumi na miwili ni yangu. Nikachukua risiti. Nikaipiga picha jioni ileile, maana maandishi ya risiti zile hufifia haraka.

Mwezi wa saba upande wa kushoto wa kioo ukaingia giza. Fundi wa mtaani akasema ni taa za nyuma, 120,000. Nikapanda tena ngazi zile na risiti mkononi. Walinung'unika kidogo kwamba fundi wao ana kazi nyingi, wakaniambia siku nne, zikawa tisa. Sikulipa hata shilingi.

Nina malalamiko mawili. Moja, breketi ya ukutani wanauza 35,000, na chini ya ngazi zao wenyewe inauzwa 15,000. Kataa. Kifaa cha kulinda umeme nilinunua kwao bila kubishana, kwa sababu kwetu umeme ukirudi hurudi kwa kishindo. La pili, hawana usafiri. Nilikodi bajaji kwa 15,000 na kukaa nyuma nimeishikilia TV imesimama wima njia nzima. Usikubali kuilaza, wala usimpe bodaboda aifunge kwa mpira.

Kabla ya kulipa, waiwashe TV mbele yako kwa dakika kumi na tano angalau: skrini nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, uone vidoa. Hapa waliwasha bila kuombwa mara mbili. Duka lililosema boksi likifunguliwa umeshanunua, nililiacha.

Shemeji yangu anakwenda Jumamosi hii kutafuta inchi 32. Nimemwazima tepu na kumwandikia kwenye kiganja: 81.