Moduli ya subprocess ya Python: ninavyoiona baada ya miaka ya kuitumia

Kwa miaka kadhaa nimeitumia moduli ya subprocess karibu kila siku ya kazi kuendesha programu nyingine kutoka ndani ya Python, na ninaipendekeza kwa moyo mmoja, mradi mtumiaji aelewe kwamba kungoja programu imalize si sawa na kupokea inachokisema.

Somo hilo nililipata usiku mmoja, skripti yangu ya kugeuza video ilipoanza kukwama kwenye faili ndefu ilhali fupi zilipita salama. Hapakuwa na ujumbe wa kosa, na prosesa ilikuwa imetulia kabisa. Nilipoichungulia programu iliyokwama kwa strace, chombo kinachoonyesha programu inaomba nini kwa mfumo wa kompyuta, niliona mwito mmoja tu usiofika mwisho: write(2, yaani kuandika ujumbe wa makosa. Bomba, yaani njia ya data inayounganisha michakato miwili (programu zinazoendeshwa), kwenye Linux hubeba kwa kawaida baiti 65,536, na likijaa, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) humsimamisha anayeandika mpaka anayesoma apunguze. Mimi nilikuwa nimeita wait(), inayongoja tu programu imalize, bila kusoma chochote, kwa hiyo mwana (programu niliyoianzisha) alimngoja mzazi (skripti yangu) asome na mzazi akamngoja mwana amalize.

Wapo wanaotibu hali hiyo kwa wait(timeout=30), yaani kungoja sekunde 30 kisha kuiua programu. Sikubaliani nao, kwa sababu programu inayouawa ni nzima, na aliyeiziba ni huyo huyo anayeiua.

Dawa yenyewe ni communicate(), ambayo husoma matokeo ya kawaida na ujumbe wa makosa kwa pamoja, na tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 inapokea ukomo wa muda. Ninachokipenda zaidi ni kwamba muda ukiisha hutoa kosa la TimeoutExpired bila kupoteza data: ukiiita tena unapata kila kilichoandikwa. Hata hivyo haimuui mwana. Ni juu yako kuita kill(), inayomuua mwana, kisha communicate() kwa mara ya pili. Kitendaji run(), kilichokuja na toleo la 3.5, humuua mwana chenyewe muda ukiisha na kusafisha mabaki yake, na kwa kazi nyingi kinatosha.

Lalamiko langu ni moja, na ni zito. Ukitumia shell=True, amri hupitia shell (programu inayosoma na kuendesha amri), na kill() huua shell peke yake, na wajukuu, yaani programu ilizoanzisha, wanaweza kubaki hai wakiwa wameshikilia bomba, hivyo ile communicate() ya pili hungoja bila ukomo. Inabidi uanzishe mwana kwa start_new_session=True, kisha uue kundi zima kwa os.killpg. Ulinzi huu ulistahili kuwa karibu zaidi na mtumiaji.

Kumbuka pia kwamba communicate() huweka kila kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwa video zangu sasa ninaelekeza ujumbe wote kwenye faili, ambako hakuna bomba la kujaa.