Diski nne za RAID kwenye nyumba ya mawe Lamu: uzoefu wangu wa miezi 14

Mimi hupiga video za arusi upande wa wanawake hapa Lamu: hina, kupamba, vugo, mambo yote ambayo mpiga picha mwanamume hayaingii. Wanawake huvua mabuibui mbele ya kamera yangu kwa sababu wananiamini. Kila mama anayenipa kazi hunishika mkono mlangoni na kusema neno lilelile, "Mwanangu, picha hizi zisitoke." Basi hifadhi ya mtandaoni kwangu haipo. Kila kitu kinakaa nyumbani, na diski ninazochagua ndizo zinazobeba amana hiyo.

Nilianza vibaya. Niliunganisha diski tatu za kawaida za kompyuta ya mezani, zile za bei nafuu zaidi nilizopata, kwa RAID 5, yaani mpango wa kuzifanya diski kadhaa ziwe kama moja, moja ikifa data ibaki. Diski moja ilikufa. Nikaweka mpya, kompyuta ikaanza kuijaza upya kutoka kwa wenzake. Siku mbili zikapita, haijafika nusu. Usiku wa tatu diski nyingine ikatupwa nje ya kundi, na RAID 5 haivumilii kupotelewa na mbili kwa pamoja. Nilipoteza kupamba kwa bibi arusi mmoja, yote. Nilikwenda mwenyewe kwa mama yake kumwambia. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama hata sauti haikubaki, kwa kuwa nyanya wa bibi arusi aliimba siku ile, na wakati huo alikuwa ameshafariki.

Tangu hapo nikakaa kujifunza kwa nini, na jibu la kwanza ni SMR. Mwenye kuezeka paa atalielewa upesi. Kwenye diski za SMR njia za data hulaliana kama makuti, kila moja ikifunika ukingo wa mwenzake, ndiyo maana data nyingi hutoshea penye nafasi ndogo. Kusoma hakuna taabu. Lakini ukitaka kubadilisha kuti la katikati lazima uinue yaliyolala juu yake na kuyapanga tena, na diski hufanya vivyo hivyo: ili ibadilishe kidogo, huandika upya kundi zima la njia. Mwanzoni huoni kitu kwa sababu ina sehemu ya kupokea data kwa haraka. Sehemu hiyo ikijaa, kasi huanguka. Kujaza diski upya ni kuandika mfululizo kwa saa nyingi, yaani kazi inayoiumiza zaidi. CMR ni njia zilizolala kando kwa kando bila kufunikana, na kwa RAID ninashikilia hiyo tu. Wala usiamini jina la kwenye kasha peke yake. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba Western Digital (WD) walikuwa wametia SMR kwenye diski zao za WD Red za terabaiti (TB) 2 hadi 6 bila kuwaeleza wanunuzi; baadaye wakatenga jina Red Plus kwa za CMR. Soma namba ya modeli, kisha uitafute kwenye orodha ya kampuni yenyewe.

Jibu la pili ni subira. Diski ya kawaida ikikuta sekta mbovu (kipande kidogo cha diski kisichosomeka) huweza kuhangaika nayo muda mrefu sana, ilhali Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, husubiri sekunde 30 kisha huiona kama imekufa. Diski zilizotengenezwa kwa RAID hukata tamaa baada ya kama sekunde 7, zikatoa taarifa, na wenzake wakajaza pengo. Naamini hilo ndilo lililoniulia diski ya pili ile.

Nikabaki na majina matatu: WD Red Plus, Seagate IronWolf na Toshiba N300. Dhamana zao zote ni miaka 3. Nilichukua N300 za TB 4, nne, kwa sababu katika ukubwa huo ndizo zinazozunguka mara 7200 kwa dakika. Nyingine mbili ni 5400. Ninapohariri kamera tatu kwa pamoja, data yenyewe si nyingi, video ya 4K ya megabiti 100 ni megabaiti 12 na nusu tu kwa sekunde. Kinachochelewesha ni kichwa cha diski kurukaruka kati ya mafaili matatu, na hapo mzunguko wa haraka unasaidia kwelikweli. Zilinila malipo ya arusi tatu. Mbili nilinunua duka moja Mombasa, mbili duka jingine, ili zisiwe za toleo moja zikaja kufa pamoja. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji aichomeke kila moja nione saa ilizotumika, maana diski kuukuu huuzwa kama mpya. Zilikuja kwa basi, nimezipakata mapajani hadi Mokowe, kisha boti.

Nimezipanga RAID 10, yaani jozi mbili, kila diski na pacha wake mwenye nakala ileile. Kati ya TB 16 ninatumia 8 (kompyuta huandika 7.3, usishtuke, ni hesabu tofauti tu), lakini kujaza diski upya ni kunakili kutoka kwa pacha wake basi. Nilijaribu kwa makusudi kabla ya kuweka kazi ya mtu: nilichomoa moja, nikairudisha ikiwa tupu, ikamaliza kwa saa saba na nusu. Kasi ya kusoma zilipokuwa tupu ilikuwa megabaiti 380 hivi kwa sekunde. Zikijaa hushuka, kwani njia za ndani ya sahani inayozunguka ndani ya diski ni fupi.

Kelele zipo. Nilikuwa nimeliweka sanduku la diski ndani ya kidaka ukutani, linapendeza, lakini kaskazi joto la diski lilifika nyuzi 52. Nikalitoa nikaliweka mezani, joto likashuka hadi 43. Chumvi ya bahari hula miguu ya waya, kwa hiyo kila mwezi mimi hukagua na kufuta. Tundu dogo la pumzi juu ya diski usilizibe kwa stika. Na UPS, betri inayoshika kompyuta umeme ukikatika, ni lazima kwa umeme wetu huu.

RAID haikuokoi ukifuta faili kwa bahati mbaya, hufuta pande zote. Nina diski ya tano kwa shangazi yangu Shela, ninaipeleka kila Alhamisi.

Mwezi huu diski ya tatu imeonyesha sekta 8 zilizohamishwa, yaani mbovu ambazo imezibadilisha kwa za akiba. Bado inafanya kazi, ila siingoji. Mpya imeshaingia mahali pake, na hii inarudi Mombasa kwa dhamana. Zote nne nilizifunga kwa LUKS, kufuli la Linux linalofanya data isisomeke bila nenosiri, tangu siku ya kwanza, kwa hiyo atakayeifungua huko hataona uso wa mtoto wa mtu.