Bajaji ya kukodi Mtwara mjini, kwa wenye mgonjwa anayeogopa kutoka nyumbani

Dereva wa bajaji hii nampa nyota tano. Ukimkodi kijana huyu kwa safari ya kawaida huenda usione tofauti yake na madereva wengine wa kijiweni. Sisi tulimkodi kwa kazi nyingine.

Baba alipofariki, mama alikaa eda miezi minne na siku kumi. Eda ikaisha, mama hakutoka. Watu wakasema bado ana majonzi, mwacheni. Lakini kila akifika mlangoni moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, pumzi zinambana, anaona anakufa. Mtaalamu wa afya ya akili hospitalini akatuambia hali hiyo inaitwa agorafobia na inatibika. Dawa zipo, na tiba ya mazungumzo ipo, ila lazima mgonjwa azoezwe kutoka kidogo kidogo. Akatusisitizia: hofu ikipanda, msikimbilie kumrudisha nyumbani. Mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe. Akirudishwa kabla haijashuka, anazidi kuamini kwamba nyumbani tu ndiko salama.

Sasa, dereva gani atakubali kusimama kando ya barabara na abiria anayetetemeka, asimharakishe? Wa kwanza tuliyemchukua alifungulia muziki na kukimbiza chombo, mama akashuka analia. Huyu tulipomweleza, alikuja hadi barazani akamwamkia, "Shikamoo mama. Ukishikwa na hofu, nizime injini au niiache?" Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama akajibu, "Marahaba mwanangu, iache."

Bajaji yenyewe ilimfaa kuliko gari la kaka, maana iko wazi pembeni, na kinachomtesa mama ni kujiona mahali asipoweza kutoka haraka. Alikaa ukingoni, ameng'ang'ania chuma cha kiti cha dereva, mimi nipo ubavuni pake. Kaka alitangulia na pikipiki, akawa anatungoja mbele ili mama aone sura anayoijua kule anakokwenda. Tulianza na mwisho wa mtaa na kurudi. Tukasogea hadi Shangani, kisha Feri.

Feri ndipo nilipomkubali dereva huyu. Kivuko cha Msangamkuu kilikuwa kinapakia, watu wamejaa, pikipiki zinapiga honi, na mama akashikwa kwelikweli. Kijana akasogeza bajaji kivulini, injini akaiacha, akashuka akasimama mbele yetu ametupa mgongo, ili wapita njia wasimkodolee mama macho. Hatukumwambia afanye hivyo. Mama akasema, "Turudi." Nikamwambia, "Tungoje ipungue kwanza mama, halafu utakavyo wewe." Akafumba macho, akawa anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, anairudia. Dereva hakugeuka hata mara moja. Jasho likakauka, mkono ukalegea kwenye chuma, mama akafumbua macho akauliza ngisi wanauzwaje leo. Tukanunua.

Baada ya hapo Mikindani haikuwa mbali. Tulikwenda kwa mama mdogo, tukala ming'oko, tukarudi jua linazama.

Kasoro zipo. Turubai la upande wa kushoto limechanika, mvua ikija mnalowa, na mgonjwa wa namna hii hahitaji adha nyingine. Msimu wa korosho huenda shambani kwao, kumpata ni shida, kwa hiyo mwekeni oda mapema. Bei ya kungoja mkubaliane kabla ya kuondoka. Mikindani kwenda na kurudi, kungoja kukiwemo, tulimlipa elfu kumi na tano, na hakuongeza hata senti. Mwambieni wazi ugonjwa ulivyo, anasikiliza.

Jumamosi asubuhi msimtegemee, tumeshamchukua sisi. Mama anakwenda sokoni, na safari hii amesema mimi nibaki nyumbani.